Kiingilio ni Kimoja Tu: Poka, Simu Yako na Pesa ya Karo

Julai huku Kikima ni baridi. Ukungu wa milima ya Mbooni hushuka hadi sokoni mapema, na mtu mwenye akili anakuwa kitandani. Lakini mwaka jana mimi na binamu yangu, mwendesha boda boda, tulikesha usiku kadhaa tumejifunika blanketi, tukitazama poka kwa simu.

Tulikuwa tunafuatilia shindano kuu la World Series of Poker, kule Las Vegas, Marekani. Mashindano hayo yalianza mwaka 1970, na kiingilio cha shindano kuu ni dola 10,000, karibu shilingi milioni 1.3. Msimu huo Las Vegas iko nyuma yetu kwa saa 10, kwa hivyo mchezo unaoanza kwao saa sita mchana, kwetu ni saa nne usiku.

Kama hujawahi kuuona, poka ya siku hizi ni rahisi kueleza. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri, kisha karata 5 zinawekwa mezani kwa wote. Mwenye mkono bora wa karata 5 anashinda. Lakini unaweza pia kushinda na karata mbovu, ukiweka dau hadi wenzako waogope na kujitoa. Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo binamu yangu alipoingia boksi.

Unachokiona kwenye skrini

Kwenye skrini, wewe mtazamaji unaziona karata za kila mtu. Hilo lilipata umaarufu kupitia kipindi cha Uingereza cha mwaka 1999, Late Night Poker, kilichoweka kamera chini ya vioo vya meza. Kwa hivyo ukiwa kwenye kochi unapiga kelele, "Huyu anadanganya, mfuate!" na unakuwa sahihi kila mara. Mchezaji aliyeketi pale haoni kitu. Ukikaa mwezi mzima ukitazama hivyo, utaanza kuamini kwamba wewe ni mkali.

Halafu kuna hadithi ya Chris Moneymaker. Mwaka 2003, huyu mhasibu kutoka Tennessee alilipa dola 86 kwenye shindano dogo la intaneti, akapata tiketi ya shindano kuu, na akashinda dola milioni 2.5. Mwaka huo walioingia walikuwa 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Kila mmoja alitaka kuwa Moneymaker.

Sasa tuangalie hesabu ya upande wa pili. Mwaka 2023 walioingia walikuwa 10,043. Bingwa, Daniel Weinman, alibeba dola milioni 12.1. Waliolipwa chochote walikuwa 1,507. Maana yake watu 8,536 walilipa kiingilio na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ni karibu watu 85 katika kila 100. Na hao walikuwa na dola 10,000 za kuingilia, si wachezaji wa jana.

Agosti, basi la Nairobi

Kasino kadhaa Nairobi zina meza za poka, na baadhi huandaa mashindano madogo. Agosti binamu yangu alisikia kuhusu moja lenye kiingilio cha shilingi 5,000. Alikuwa ameiweka hiyo pesa, akaniambia, "Siz, naenda na elfu tano. Ikiisha, nimeisha. Narudi."

Huo ulikuwa mpango mzuri, na nitakuambia kwa nini. Katika shindano, kila mtu anaanza na idadi sawa ya chipu. Kule Las Vegas unalipa dola 10,000 na kupewa chipu 60,000. Chipu hizo si pesa. Huwezi kuzibadilisha dirishani ukichoka. Zikiisha, umetoka. Kwa hivyo shindano la kiingilio kimoja lina mlango wenye bei: unajua kabla ya kukaa ni pesa ngapi utapoteza ikienda vibaya. Meza za kawaida za pesa hazina mlango huo, na kamari ya simu ndiyo haina kabisa.

Shida ni kwamba mashindano mengi siku hizi yanaruhusu kuingia tena. Unatoka, unalipa tena, unapewa chipu mpya. Binamu yangu alitolewa kabla ya saa mbili za mchezo kuisha. Simu ilikuwa mkononi. Alibonyeza, akaweka PIN, akarudi mezani na 5,000 nyingine, ambayo ilikuwa karo ya mtoto ya muhula wa tatu. Ilipoisha, akachukua mkopo wa simu wa 5,000. Nao ukaisha.

Aliporudi Kikima alituambia sote kwamba alicheza elfu tano. Wiki mbili baadaye shule zikafunguliwa na mama watoto akauliza karo iko wapi. Hapo ndipo aliponiletea simu, akasema, "Siz, hebu angalia, hii pesa imekosewa."

Tulifungua taarifa ya miamala. Haikuwa imekosewa. Shilingi 15,000, mara tatu, kwa namba ile ile, usiku ule ule. Hapo hatujahesabu nauli, chakula na ada ya mkopo. Aliangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu. Hakuwa anatudanganya sisi tu. Kichwani mwake kweli alikuwa amecheza elfu tano, kwa sababu ile moja tu ndiyo aliyoipanga.

Ifanye simu yako iwe na mlango

Pesa ya noti inajizuia yenyewe: mfuko ukiisha, umeisha. Pesa ya simu haikuonyeshi mfuko ukipungua. Kiingilio, karo, mafuta ya pikipiki na mkopo vyote viko sehemu moja, PIN moja. Kwa hivyo mlango lazima uujenge wewe, tena kabla ya kutoka nyumbani.

*Tenganisha kabla.* Pesa yenye kazi, kama karo, kodi au stoki, iweke kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe unayoihitaji. Ama ulipe karo moja kwa moja kwa shule siku ile ile umeipata. Pesa ambayo haipo kwenye salio haiwezi kucheza.

*Hesabu kiingilio kama kimetumika.* Ni kama tiketi ya mechi. Kama kukipoteza kutakunyima usingizi, ni kikubwa kwako. Na uliza mapema: hapa watu wanaruhusiwa kuingia tena? Jibu lako la "sitaingia tena" litoe ukiwa nyumbani, si ukiwa na hasira mezani.

*Mkopo si kiingilio.* Mkopo una tarehe ya kulipwa. Karata hazina. Jiondoe kwenye huduma ya mkopo wa papo hapo kama unajijua.

*Jua kodi.* Ukitaka kufuata njia ya Moneymaker kwa intaneti, kumbuka kwamba tangu Julai 2025 ushuru wa asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapotoa. Weka 1,000, unabaki na 950. Itoe yote bila kucheza hata mara moja, unapata 902.50.

*Soma jina kabla ya PIN.* Anayekuambia umtumie kiingilio kwenye namba yake binafsi "akushikie nafasi", achana naye. Lipa kwa kampuni yenye leseni tu, na ukiwa umetimiza miaka 18.

*Soma taarifa yako asubuhi inayofuata.* Si mwisho wa mwezi. Jumlisha kila kilichotoka usiku huo, na umwonyeshe mtu mmoja unayemheshimu. Kama huwezi kumwonyesha, hilo tayari ni jibu.

Tunaendelea kutazama

Mtoto alirudi shule akiwa amechelewa siku nane. Binamu yangu alilipa mkopo kwa kubeba abiria usiku, hadi Tawa na kurudi, kwenye ule ukungu. Hajaacha kupenda poka, na mimi pia sijaacha. Ni mchezo mzuri wa akili, na kuutazama ni bei ya bando tu.

Ila sasa ana kitu kipya. Kila Jumapili jioni anafungua taarifa ya miamala ya wiki, anampa mama watoto simu, na anaketi kimya akisomewa. Anasema ndiyo meza pekee ambayo karata zake zote zinaonekana.

Yako unaweza kuifungua leo, kwenye menyu ya akaunti. Anza na wiki iliyopita.