Mkimbiaji Aliyemwachia Mwenzake Nafasi

Vijana wengi tupendao michezo twadhani kuwa mchezaji wa kulipwa ana kazi nyepesi. Twaona anacheza, anapigiwa makofi, kisha analipwa. Yafaa basi tuitazame kazi hiyo kwa karibu, na kwa mfano wake hatuna haja ya kwenda mbali. Nchi yetu ya Burundi ilimtoa mkimbiaji mmoja, Vénuste Niyongabo, ambaye maisha yake ya michezo yaonyesha vema jinsi kazi hiyo ilivyo, na pia jinsi mtu awezavyo kuifanya bila kuusahau utu.

Niyongabo alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1973 huko Vugizo, kusini mwa nchi. Alianza kujulikana mwaka 1992, katika mashindano ya vijana wa dunia yaliyofanyika Seoul, Korea ya Kusini, alipopata nishani ya fedha katika mbio za mita 1500. Baada ya hapo alikwenda kukaa na kufanya mazoezi Italia, maana mashindano makubwa yenye malipo yalikuwa Ulaya.

Hapa hapana budi kueleza kidogo. Mkimbiaji hana mshahara wa mwezi kama karani au mwalimu. Wenye mashindano katika miji kama Oslo, Zurich na Brussels humwalika, wakampa fedha ya kufika, na akishinda humwongezea zawadi. Kampuni ya viatu huweza kumlipa ili avae viatu vyake. Wakala anayemtafutia mialiko naye huchukua fungu lake. Lakini mguu ukiuma, mialiko hukoma, na fedha nayo hukoma. Tena miaka ya nguvu zake ni michache. Akifika umri ambao wenzake shuleni ndio kwanza wanapanda cheo kazini, yeye yuko karibu kumaliza yake. Kwa sababu hiyo mkimbiaji wa kulipwa huhesabu kila msimu kama mkulima ahesabuvyo mbegu.

Kazi ya Niyongabo hasa ilikuwa mita 1500, yaani mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1995 huko Göteborg, Sweden, alikuwa wa tatu, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Basi mwaka 1996 ulipofika, na Michezo ya Olimpiki ikakaribia huko Atlanta, Marekani, watu waliojua riadha walimhesabu miongoni mwa wale wawezao kupata nishani katika mbio hizo.

Mwaka ule ndio Burundi ilikuwa inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nchi haikuwa na halmashauri ya Olimpiki iliyotambuliwa, na wakati ule pasipo halmashauri hiyo mchezaji hakuruhusiwa kushindana, hata akiwa na mbio namna gani. Aliyeumizwa zaidi na jambo hilo ni Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa mita 800. Michezo ya Seoul ya mwaka 1988 ilimpita, na ile ya Barcelona ya mwaka 1992 ikampita vilevile. Kwizera hakukaa kunung'unika. Alihangaika mpaka halmashauri ya Burundi ikaundwa, nayo ikatambuliwa mwaka 1993. Lakini ilipofika Atlanta, umri wake ulikuwa karibu miaka 30, na siku zake bora zilikwisha kupita. Mlango aliousukuma kwa miaka mingi ulifunguka wakati yeye mwenyewe amechoka.

Ndipo Niyongabo akafanya jambo ambalo wachezaji wachache wangelifanya. Alimwachia Kwizera nafasi yake katika mita 1500, ili naye apate kukimbia Olimpiki walau mara moja. Yeye akachagua mita 5000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara chache sana. Msomaji na apime mwenyewe uzito wa tendo hilo. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Kuiacha kazi unayoijua siku kama ile, ukashika usiyoizoea, ni sawa na seremala kuweka randa chini siku ya kushindania tuzo, akashika nyundo ya mhunzi.

Hata hivyo halikuwa jambo la kubahatisha. Mita 5000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Anayeshinda mbio hizo lazima awe na pumzi ya kuvumilia, lakini mara nyingi wakimbiaji bora hufika mwisho wakiwa pamoja, na hapo mwenye kasi ndiye mwenye bahati. Niyongabo aliyezoea mita 1500 alikuwa amekwisha kukimbia mbio zile chini ya dakika 3 na sekunde 32, yaani kama sekunde 57 kwa mzunguko. Endapo angeweza kuvumilia pamoja na wengine mpaka karibu na mwisho, alikuwa na silaha ambayo wengi wao hawakuwa nayo.

Fainali ilikimbiwa tarehe 3 Agosti 1996. Mwendo wao ulikuwa wastani wa sekunde 63 kwa mzunguko. Niyongabo alikaa na wenzake, na mbio zilipokaribia mwisho akafyatuka. Paul Bitok wa Kenya, aliyekuwa wa pili katika Olimpiki iliyotangulia, alimfuata mbio mpaka kwenye mstari lakini hakumpata. Niyongabo alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96, Bitok sekunde 8.16, na Khalid Boulami wa Morocco sekunde 8.37. Kati ya wa kwanza na wa tatu haikutimia hata nusu ya sekunde.

Tukumbuke pia hali ya nyumbani. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993, na siku tisa tu kabla ya fainali ile, tarehe 25 Julai, serikali ilikuwa imepinduliwa. Nchi jirani zilikuwa zimekwisha kukubaliana kutuwekea vikwazo vya biashara. Jina la Burundi lilipotajwa ugenini, lilitajwa pamoja na maiti na wakimbizi. Siku ile lilitajwa kwa sababu nyingine, na wimbo wa taifa ukapigwa mbele ya dunia nzima. Nishani ile haikumaliza vita, wala hakuna nishani iwezayo kufanya hivyo. Lakini ilikuwa nishani ya Warundi wote, bila kuulizana kabila.

Mwaka 1997 Niyongabo alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 46.70, mwendo ambao ni wachache mno waliopata kuufikia. Baadaye maumivu yalimpunguzia kasi, kama yawapatavyo wengi wa kazi ile, na Sydney mwaka 2000 hakufika fainali. Ilipita miaka 20 baada ya Atlanta ndipo Burundi ikapata nishani ya pili ya Olimpiki, ile ya fedha ya Francine Niyonsaba katika mita 800, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Dhahabu ya Niyongabo mpaka leo haijapata mwenzake.

Wako watakaosema kuwa alikuwa na bahati. Yawezekana. Lakini bahati ile ilimkuta mtu aliyekuwa amefanya mazoezi kwa miaka mingi, na ambaye hakuona kuwa kumpa mwenzake nafasi ni kushindwa. Kwizera hakupata nishani Atlanta, ila alikimbia Olimpiki, akivaa rangi za nchi yake. Wanafunzi watakaochaguliwa kuingia timu ya shule mwaka huu, na wale watakaoachwa nje, yafaa wawakumbuke watu hao wawili pamoja.