Mzazi Anapozuru Nyumba ya Maharusi

Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba, ikiangukia Jumapili, Jumatatu nayo huwa mapumziko. Hapo mama wa Mombasa hufungasha nazi na viungo vya pilau, akapanda basi la usiku kwenda Embu au Meru kumzuru mwanawe aliyeoa huko. Safari hiyo ina thawabu, kwani kuunga undugu ni ibada. Lakini ibada ina adabu zake.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba ugeni ni siku tatu, na mgeni asikae hata akamtia mwenyeji wake dhiki. Sura ya An-Nur nayo yatuamuru kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Na nyumba ya maharusi ni yao, ingawa mahari tulitoa sisi.

Basi nazi iwe zawadi, isiwe hukumu juu ya mukimo wa mkamwana. Akipakua, mama ale na amwombee dua. Neno la dharau la mavyaa, yeye hulisahau basi lisijafika Thika. Mkamwana hukaa nalo miaka.

Jumatatu aage, angali anatamaniwa. Wabillahi tawfiq.