Kibuyu Kilichohesabu Jioni

Sogeeni hapa, wapwa zangu. Sogeeni kabisa, mkeka una nafasi. Leo tunapanda mlima, na tutaanza kuupanda tukiwa tumekaa.

"Mjomba, mtu anapandaje mlima akiwa amekaa?"

Hilo ndilo swali! Aliyeuliza anastahili kukaa karibu na mimi. Sikilizeni basi.

Kuna mpwa wangu mmoja, yuko darasa la tano hapa hapa Bariadi. Siku moja alinijia mbio na rafiki yake. Walikuwa wameona picha ya mlima wa mbali sana, mlima Pulag wa Ufilipino, katika kisiwa cha Luzon. Urefu wake unapita mita 2,900. Watu huamka usiku wa manane na kuupanda gizani, ili alfajiri wawe kileleni. Jua likichomoza, wanaona mawingu yametanda chini yao, meupe pe, kama pamba iliyomwagwa ghalani msimu wa mavuno.

"Mjomba, na sisi tunataka kupanda mlima. Kesho!"

Nikawaambia: kule Pulag, kabla hujapanda, unaonyesha cheti cha daktari kwamba afya yako ni nzuri. Halafu unakalishwa chini, unaelezwa taratibu za mlima. Mnaona? Hata Ufilipino mlima unaanza watu wakiwa wamekaa.

"Lakini Bariadi hakuna mlima, Mjomba."

Hakuna mlima wa mawingu, kweli. Ila tuna mawe! Usukumani kote tuna mawe. Mmeyaona yamebebana, moja juu ya jingine, kama mtu aliyapanga. Nani aliyapanga? Hakuna. Kumbukeni tuta la viazi vitamu. Bibi yenu anapandia viazi ndani ya tuta. Mvua inanyesha, inanyesha tena, udongo unachukuliwa kidogo kidogo. Siku moja unapita shambani, unaona mgongo wa kiazi umechungulia nje. Hakikupanda juu, hapana. Udongo ndio uliokikimbia. Mawe yetu ni hivyo hivyo. Yalikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, yakapoa huko huko, yakawa magumu. Mvua na upepo vikaondoa udongo, mawe yakachungulia. Umri wake? Zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata mimi nikitamka hesabu hiyo nashusha sauti.

Na jambo jingine. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtoto anayeoga ziwani pale Lamadi ameshapanda zaidi ya kilomita moja kutoka baharini, bila kutoka jasho! Sisi wa Bariadi tuko juu yake tena. Tumezaliwa juu ya kibaraza kikubwa, wala hatukujua.

Basi tukakubaliana: Jumamosi tutapanda mawe yaliyo nje ya mji. Wakafurahi, wakataka kuondoka kutafuta fimbo. Hapo ndipo kibuyu kilichoning'inia kwenye nguzo ya baraza kikakohoa.

"Kop, kop. Mnaenda wapi?"

"Tunaenda mlimani!"

"Vizuri. Na mnarudi saa ngapi?"

Kimya. Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake.

"Mimi ni kibuyu cha maji," kikasema. "Nimetembea na wachungaji, nimetembea na wavunaji. Wote wananijaza asubuhi, wote wananikumbatia mchana. Nisikilizeni mimi. Kwenda ni nusu, kurudi ni nusu. Anayejua saa ya kuondoka tu, anajua nusu ya safari."

Kibuyu kilisema kweli, nami nitawaambia kwa nini naamini. Nikiwa kijana nilipanda mawe na wenzangu, tukiwa na chupa moja ya maji kwa watu wanne. Tulikunywa yote kabla ya kufika juu. Kule juu tulicheka, tulipiga kelele, tulihesabu mapaa ya bati. Tuliposhuka, jua lilikuwa la utosi, ulimi wangu umekauka kama kipande cha ngozi, na mwenzetu mmoja akaanza kuyumba. Tulimkalisha kwenye kivuli cha mkwaju, mmoja akakimbia kutafuta maji nyumba ya jirani. Alipona. Ila mpaka leo nikiona mtoto anakwenda kwenye mawe mikono mitupu, moyo wangu unashtuka.

"Sasa tuhesabu vipi, Mjomba?"

Hesabuni mkianzia mwisho! Chukua kijiti, chora kwenye vumbi hapa uani. Tunataka kuwa nyumbani saa 6 mchana, kabla jua halijakaa utosini. Kutoka kwenye mawe hadi nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa hiyo chini ya mawe tuondoke saa 4:30. Kushuka kunachukua saa moja, maana kushuka hakutaki haraka. Kwa hiyo juu tuondoke saa 3:30. Tutakaa juu nusu saa, basi tufike saa 3. Kupanda ni saa moja, basi tuanze kupanda saa 2. Na kutoka nyumbani hadi pale ni saa moja na nusu...

"Tutoke saa 12:30 asubuhi!"

Saa 12:30 asubuhi! Mwaona? Mpwa wangu aliruka juu kwa furaha, kana kwamba ameokota sarafu. Kwenda ni nusu, kurudi ni nusu, na asubuhi yetu tuliipata kwa kuanzia mchana.

Kisha tukaandaa. Kila mtu chupa yake ya lita moja, nami nikabeba kibuyu cha akiba. Nikachukua mkaa, nikachora mstari kwenye tumbo la kibuyu, katikati kabisa. Nikasema: maji yakifika hapa, tunageuka. Hata kama kilele kiko puani? Hata kama kiko puani. Chakula tukabeba matobolwa, viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Mnavijua? Ukikitia kinywani ni kigumu kama kijiti, haking'atiki. Unakiacha shavuni, unakizungusha, kinaanza kulegea, utamu unatoka polepole mpaka unafika kilimani. Wazee wetu walikijua chakula cha safari. Hakiozi, hakimwagiki, na ni chepesi.

Jioni tulikwenda kumwona mwenyekiti wa kitongoji. Kwa nini? Kwa sababu mawe yana wenyewe. Mengine wazee hufanyia matambiko, hayapandwi ovyo. Mengine yamezungukwa na ngitili, malisho yaliyotengwa yapumzike ili ng'ombe wayakute kiangazi. Ukipita katikati ya ngitili ya mtu bila hodi, umeingia sebuleni kwake na viatu. Na tena, mwenyekiti akijua mko wapi na mnarudi saa ngapi, saa hiyo ikipita atawatafuta. Giza likiingia fisi hutoka, na mawe si mahali pa mtoto usiku.

Jumamosi asubuhi rafiki wa mpwa wangu akaja na kandambili. Nikamrudisha avae raba. Hakunung'unika, mtoto yule ana adabu.

Tulipofika kwenye mawe, wenyeji walikuwa wameshaamka. Pimbi! Walikuwa saba, wanene, wamelala kifudifudi juu ya jiwe wakiota jua. Mmoja amekaa pembeni, juu kabisa, hali, haoti, anatazama tu.

"Mjomba, yule amenuniwa?"

Hapana, yule ni mlinzi. Akiona tai au mtu, anapiga ukelele, wote wanatumbukia kwenye nyufa. Pimbi hana joto la kutosha mwilini asubuhi, kwa hiyo haanzi kazi mpaka jua limpashe. Na nyayo zake, laiti tungeweza kuzishika! Ni laini na zina unyevu, zinashika jiwe kama raba mpya. Na mjue: katika wanyama walio hai leo, jamaa zake wa karibu ni pamoja na tembo. Ndiyo, tembo! Mpwa wangu alikataa kabisa. Nilimpenda kwa kukataa, maana anayekataa atatafuta ushahidi.

Pembeni yao alikuwepo mjusi, kichwa cha waridi, mwili wa buluu, anainua kifua na kushusha, anainua na kushusha, kama askari anayepiga pushapu. Jina lake la kitaalamu ni Agama mwanzae, limetokana na Mwanza, jirani zetu. Kumbe hata mjusi wetu ana jina vitabuni.

Tukapanda. Hatua fupi, pumzi ndefu. Mkono hauingii kwenye ufa usioonekana ndani, kwa sababu ufa ni nyumba ya nyoka, au ya nyuki. Juu tukakaa, tukaona barabara ya lami inayoelekea Lamadi, imenyooka kama uzi wa cherehani, na mashamba yamekatwa vipande vipande.

"Mjomba, tumekaribia jua. Mbona hakuna joto zaidi?"

Ah! Swali hili limewahangaisha watu wazima. Jua ni mbali mno, na mawe haya kwake si kitu. Jua halipashi hewa moja kwa moja kama unavyodhani. Linapasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Ardhi ni jiko. Ukikaa karibu na jiko unapata joto, ukisogea mbali unapoa. Na kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, kama blanketi lililochakaa. Kwa kila mita 1,000, baridi huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Kwenye mawe yetu huwezi kuhisi. Ila kuna mlima Hanang, mkoani Manyara, mita 3,420, mrefu kuliko Pulag! Lamadi ikiwa na nyuzi 28, huko kileleni ni karibu nyuzi 14. Sweta lazima.

Saa 3:20 tukaona wingu jeusi upande wa ziwani. Likamulika. Tukahesabu: moja, mbili, tatu... mpaka 36, ndipo ngurumo ikasikika. Sauti hutumia kama sekunde 3 kwa kilomita, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita 12. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, uwe umeshaondoka, kwa sababu juu ya jiwe tupu wewe ndiye mrefu, na radi humtafuta mrefu. Kilele cha mwisho kilikuwa hatua chache tu. Yule rafiki wa mpwa wangu akakitazama, akanitazama.

"Kop," kikasema kibuyu. "Kwenda ni nusu."

"Kurudi ni nusu," wakajibu wote wawili, wakaanza kushuka.

Sasa mpwa wangu anapanga safari ya Hanang, kwa mwaka ambao atakuwa amekua. Ameshaandika kwenye daftari. Mwezi wa Julai, kiangazi, wala si wakati wa mvua, kwa sababu anajua kwamba Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka mlimani hadi mji wa Katesh, na watu wengi wakafariki. Aliponisomea hapo alinyamaza kidogo, nami nikanyamaza. Kisha kupanda basi kupitia Maswa, Shinyanga, Nzega na Singida hadi Katesh, kulala huko, kibali cha hifadhi, na mwongozaji anayeijua njia, kwa sababu kupanda na kushuka kwaweza kuchukua muda wa saa 10 au zaidi. Mstari wa kwanza kabisa kwenye daftari unasema: "Saa 11 jioni, tumeshashuka." Kutoka hapo ameanza kuhesabu kurudi nyuma.

Na ile Jumamosi tulifika nyumbani saa 5:40, mvua ikiwa nyuma yetu. Mpwa wangu akakitikisa kibuyu. Maji yalikuwa bado juu ya mstari wa mkaa. Akamimina kidogo kwenye kifuu, kuku wakaja mbio, kisha akakirudisha kwenye nguzo yake.