Kadi Inayoonekana na Kadi Iliyodaiwa: Usanidi wa Kadi za Upanuzi katika Mifumo Endeshi ya Jamii ya Unix

1.0 Utangulizi

Kadi ya upanuzi ni ubao mdogo wa kielektroniki unaochomekwa kwenye ubao mama ili kuipa kompyuta uwezo ambao haikuundwa nao: mtandao, sauti, au diski za ziada. Kuichomeka ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kinachohitaji maelezo ni hatua inayofuata, ambapo mfumo endeshi unatakiwa kujua kadi iko wapi na utawasiliana nayo kwa njia ipi. Makala hii inaishughulikia hatua hiyo katika Linux na FreeBSD zinapoendeshwa kwenye kompyuta za jamii ya PC. Hoja inayojengwa ni kwamba kumbukumbu nyingi za mfumo kuhusu maunzi ni kumbukumbu za madai. Zinaonyesha ni programu kiendeshi ipi imedai rasilimali gani. Hazionyeshi kila kilichochomekwa. Anayezisoma kama orodha kamili ya vifaa huweza kuihukumu kadi isiyo na kasoro yoyote kuwa ni mbovu.

2.0 Rasilimali zinazogombewa

Kadi ya zamani ya aina ya ISA ilihitaji angalau vitu viwili. Cha kwanza ni anwani za bandari, yaani namba ambazo kwazo prosesa huandikia na kusoma rejista za kadi. Cha pili ni katizo: ishara ambayo kadi huituma kwa prosesa ili iache shughuli iliyomo na kuihudumia. Kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984 ilikuwa na vidhibiti viwili vya makatizo, kila kimoja kikiwa na njia 8. Cha pili kiliunganishwa kupitia njia namba 2 ya cha kwanza, hivyo zikabaki njia 15. Namba 0 ilichukuliwa na saa ya mfumo, 1 na kibodi, 3 na 4 na milango ya mfuatano, 6 na diski laini, 14 na diski kuu. Kadi ngeni ziligombea chache zilizosalia, na kwa kawaida kadi mbili za ISA hazikuweza kutumia njia moja kwa wakati mmoja.

Maamuzi haya yalifanywa kwa mkono, kwa kuhamisha jampa, yaani vifuniko vidogo vinavyounganisha pini mbili juu ya kadi. Baada ya hapo, mfumo endeshi ulipaswa kuambiwa kilichoamuliwa, kwa kuwa kadi yenyewe haikuwa na namna ya kujieleza.

3.0 Mfano wa NE2000

Kadi ya mtandao ya NE2000, pamoja na nakala zake nyingi zilizouzwa kwa bei nafuu, inaonyesha tatizo hili vizuri kuliko nyingine. Hutumia anwani 32 mfululizo, na mara nyingi ilitoka kiwandani ikiwa imepangiwa 0x300. Katika Linux, kiendeshi chake kiitwacho ne, kinapokuwa kimejengwa ndani ya kerneli, hujaribu anwani 0x300, 0x280, 0x320, 0x340, 0x360 na 0x380. Kinapopakiwa kama moduli, hukataa kubahatisha na kudai kiambiwe anwani waziwazi:

modprobe ne io=0x320 irq=10

Ukali huu una sababu. Kubahatisha maana yake ni kuandika na kusoma kwenye bandari ambazo huenda ni za kifaa kingine kabisa, na kifaa hicho kinaweza kuganda, na pengine kuigandisha kompyuta nzima. Ndiyo maana Linux iliweka pia agizo la kuwashia la reserve=, ambalo huzuia viendeshi kupapasa eneo fulani la anwani.

Tuchukue kadi iliyopangiwa 0x360. Anwani zake 32 zinaishia 0x37F. Ndani ya eneo hilo imo 0x378, anwani ya kawaida ya mlango sambamba wa printa. Msimamizi makini atafungua faili ya /proc/ioports kabla ya kuamua, na huenda asione chochote katika eneo hilo, kwa sababu moduli ya mlango sambamba, parport_pc, bado haijapakiwa. Mlango upo kwenye ubao mama na unaitikia anwani zake, lakini hakuna kiendeshi kilichoudai. Faili haijasema uongo. Imeulizwa swali lisilo lake. Ukimya wa /proc/ioports haupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa nafasi tupu.

Kosa la katizo hujitokeza kwa sura tofauti, na tofauti hiyo ina thamani kubwa katika uchunguzi. Iwapo anwani ya bandari ni sahihi lakini namba ya katizo si sahihi, kiendeshi kitaikuta kadi na hata kusoma anwani yake ya kudumu ya mtandao, kwa maana kazi hiyo hufanywa kupitia bandari pekee. Kila dalili itaonyesha kwamba kadi ni nzima, ilhali data hazipiti. Hapo faili ya kusomwa ni /proc/interrupts: hesabu ya makatizo ya kadi hiyo itabaki pale pale hata data zinapotumwa. Kubadilisha kebo au kununua kadi nyingine kabla ya kutazama hesabu hiyo ni kupoteza fedha.

FreeBSD ilifuata njia yenye nidhamu zaidi, ingawa iliyochosha. Kabla ya toleo la 5.0 la mwaka 2003, bandari na katizo viliandikwa katika faili ya usanidi wa kerneli, kisha kerneli ikajengwa upya. Baadaye maelezo hayo yalihamishiwa /boot/device.hints, ambako hubadilishwa bila kujenga chochote.

4.0 Kadi inayojitambulisha

PCI, iliyoletwa na Intel mwaka 1992, ilibadili chanzo cha ushahidi. Kila kadi hubeba eneo la usanidi la baiti 256, ambalo huanza kwa namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, kila moja ikiwa na biti 16. (Intel ilijichukulia 8086, jina la prosesa yake ya mwaka 1978.) Hata ukubwa wa eneo la anwani linalohitajika huulizwa kadi yenyewe: rejista husika huandikiwa 1 katika biti zote, kisha husomwa tena ili kuona ni zipi zilizokubali kubadilika.

Kwa sababu hiyo amri ya lspci huonyesha kadi hata pale ambapo hakuna kiendeshi kilichoidai, na lspci -k huongeza jina la kiendeshi kama kipo. Katika FreeBSD, pciconf -lv hulidhihirisha jambo hili kwa namna ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa bora zaidi: kifaa kisicho na kiendeshi huorodheshwa kwa jina la none. Kuonekana na kudaiwa vinatenganishwa katika mstari mmoja.

Hata hivyo, pengo la zamani linarejea katika makatizo. Kadi za PCI zinaruhusiwa kutumia njia moja kwa pamoja, na kila kiendeshi kwenye njia hiyo huulizwa kama ishara ni ya kifaa chake. Kati ya makatizo 100,000, yakizidi 99,900 yaliyokosa mwenyewe, Linux huandika onyo na kuifunga njia nzima, na vifaa vyote vinavyoitegemea huathirika pamoja. Majina yatakayoonekana kwenye mstari huo wa /proc/interrupts ni ya viendeshi vilivyojiandikisha. Kifaa kinachopiga kelele huenda ni kile kisicho na kiendeshi, ambacho kwa hiyo hakimo katika mstari huo. Hutafutwa kwa lspci -v, ambayo hutaja namba ya katizo la kila kadi, iliyodaiwa na isiyodaiwa.