Mmea Mtamu Unaochanua Kabla ya Wakati

Adui wa Mama huyu ni maua. Muuguzi mstaafu wa Nyamitaba, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, huanza asubuhi yake kwa kupita kati ya matuta akiyakata matumba kwa ukucha wa kidole gumba, moja baada ya jingine, kabla hayajafunguka. Ua likishafunguka, anasema, jani limeshatoa utamu wake, na yeye hakulima ili nyuki washibe.

Mmea wenyewe ni stevia. Wengi wetu tunaujua kwa vipaketi vya hotelini. Wachache wameuona ukiwa na udongo mizizini. Ni kichaka kifupi cha majani membamba yenye meno pembeni. Ukitafuna jani, kwanza unapata ladha ya nyasi tu. Kisha utamu unakuja taratibu, unakaa kupita kiasi, na ukiondoka unaacha uchungu nyuma ya ulimi.

Mimi nilikuwa nikifuatilia bei ya sukari. Hadithi hiyo msomaji anaijua: kiwanda cha Kiliba, Kivu Kusini, kilichozimika miaka ya vita, sukari ya Uganda inayopita Bunagana, mji uliotwaliwa na waasi wa M23 Juni 2022, na vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kina bei yake. Lakini nikiwa na bei zangu daftarini, swali lililokataa kuondoka lilikuwa la maua. Kwa nini kichaka kisichotimiza hata shubiri mbili kiwe na haraka ya kuchanua?

Mama alilaumu udongo kwanza. Kisha mbolea ya ng'ombe. Akapanda penye udongo mweusi wa volkano, akapanda penye udongo mwekundu, matumba yakaja vilevile. Akaamua kwamba kosa si la ardhi, ni la jua. Mmea huu, anasema, hapa kwetu unazeeka ukiwa bado mtoto.

Yuko sahihi kuliko anavyojua. Kwao stevia ni vilima vya Amambay, kaskazini mashariki mwa Paraguay, ambako Waguarani, wenyeji wa huko, walitia majani yake katika chai yao ya yerba mate na katika dawa zao muda mrefu kabla ya Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, kuuandika katika sayansi mwaka 1899. Huko mchana wa kiangazi hupita saa 13 na wa kipupwe hupungua sana. Mmea unausoma mwanga: mchana ukiwa mrefu unajaza majani, ukianza kufupika unaelewa kwamba msimu unaisha, unatoa maua. Nyamitaba iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta. Januari saa 12, Juni saa 12. Kwa stevia, hapa msimu unaisha kila siku ya Mungu.

Laiti maua hayo yangeleta mbegu, Mama angeyasamehe. Hayaleti. Ua la stevia hukataa chavua ya mmea wake wenyewe; linataka ya jirani mwenye damu nyingine. Na vichaka vyake vyote vilitokana na vipandikizi vya shina moja alilopewa na rafiki, kwa hiyo bustani nzima, matuta yote, ni mmea mmoja uliosimama mahali pengi. Mbegu anazopata ni nyepesi, za rangi ya makapi, tupu ndani. Zenye uhai huwa nyeusi, na hajaziona.

Basi anakata vipandikizi, anavichomeka kivulini, anavifunika dhidi ya mvua kali. Majani huyavuna matumba yanapoanza tu kuonekana, huyakausha haraka yasigeuke meusi, huyatwanga na kuyachekecha. Unga huo, hata kidogo sana, hutosha kwa sufuria ya uji wa soya, mtama na mahindi. Kwa mandazi anashauri uachane nao: hayapati rangi wala ujazo. Na kasiksi, pombe ya ndizi, usijaribu kuiongezea nguvu kwa majani haya, maana hamira haichachui kisichokuwa sukari. Hilo analisema kwa masikitiko ambayo sikutegemea kwa muuguzi.

Ukali wake anauweka kwa wanaokuja kuuliza «dawa ya sukari». Anawaambia kwamba chai yake haichukui nafasi ya metformin, na anayetaka kuacha vidonge asipite kwake. Shirika la Afya Duniani, Mei 2023, lilishauri watu wasitegemee vitamuzi visivyo sukari, stevia ikiwemo, ili kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana kisukari. Wao wabaki na nini? Mama anainua mabega.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, mimi kuliko yeye. Umoja wa Ulaya ulipofungua mlango mwaka 2011, uliufungulia utamu uliochujwa kiwandani, wenye nguvu mara 200 hadi 300 ya sukari. Jani lenyewe, kama kitu cha kukoleza chakula, lilibaki nje. Marekani nayo ina msimamo huohuo. Kericho, Kenya, wakulima walilima stevia kwa mkataba na kampuni ya PureCircle, yenye mitambo. Waguarani wanadai mgawo wao wa faida hadi leo. Anayejua kutwanga tu anaingia wapi katika biashara hii?

Nilipomtajia Kericho, Mama aliacha matumba. Kericho nayo iko ikweta, akasema, kwa hiyo huko wameshapata shina lisilo na haraka. Anataka kipandikizi kimoja tu, chenye mama mwingine, ili maua yake yapate wa kuchanganya naye damu. Nikamweleza kwamba aina bora za makampuni zina wenyewe, na kwamba mche hauvuki mpaka bila karatasi. Akauliza karatasi hizo siku hizi zinagongwa mhuri na serikali ipi.