Mizani ya kupimia shule zetu ina kasoro

Katika miaka ya karibuni, kila Januari matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, picha ni zile zile: mwalimu mkuu amebebwa juu juu na wanafunzi wanaimba. Prof Jacob Kaimenyi, alipokuwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo mwaka wa 2014. Orodha hiyo haikufa. Ilihamia vinywani mwa wazazi, na huko haina wa kuikosoa.

Ukipita Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Kijabe, pale madereva wa malori wanapotua kabla ya kushika njia ya Narok au ya Naivasha, utaisikia. Mzazi atakutajia Shule ya Wavulana ya Nakuru, ya Wasichana ya Nakuru, Njoro na Utumishi ya Gilgil. Mwenye tamaa zaidi atataja Alliance, ambayo kwa hakika iko karibu naye kuliko mji wa Nakuru, ijapokuwa iko kaunti nyingine. Ukimwuliza kuhusu shule ya kutwa anayoiona kila asubuhi akifungua duka, atakuambia, "Ile ni ya wale waliokosa."

Kauli hiyo inaniudhi, lakini chanzo chake nakielewa. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, shule za kitaifa zilikuwa za kwanza kuchagua, zikafuatwa na zile zinazopokea wanafunzi wa kaunti nyingine, kisha za kaunti. Za kutwa zilipewa waliosalia. Baada ya miaka minne tuliziweka zote kwenye mizani moja, tukastaajabu kwamba aliyechagua mbegu kwanza ndiye aliyevuna zaidi. Shule iliyompokea mtoto wa alama 180 ikamtoa na gredi ya C imefanya kazi kubwa kuliko iliyompokea wa alama 400 ikamtoa na B, lakini ni nani ameiandikia hata mstari mmoja wa pongezi?

Isitoshe, kuna suala la fedha. Karo ya bweni iliyowekwa na serikali kwa shule za tabaka la juu ni Sh53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro, sanduku na nauli. Katika shule ya kutwa masomo hulipiwa na serikali, kwa kiwango kilichowekwa mwaka wa 2018 cha Sh22,244 kwa kila mwanafunzi, na mzazi hutoa pesa za chakula cha mchana. Mai Mahiu ina familia nyingi zilizofika hapo mikono mitupu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zikaanza maisha upya katika mahema. Kwa mama wa aina hiyo barua ya kuitwa shule ya bweni ni furaha kwa siku moja. Siku ya pili ni hesabu.

Kisha kuna Aprili 29, 2024. Hiyo ndiyo siku ambayo muhula wa pili ulikuwa umepangiwa kuanza kote nchini. Alfajiri yake, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli huko Old Kijabe yalipasua njia na kukifagia kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu arobaini waliangamia. Shule zilifunguliwa Mei 13. Mwanafunzi aliyerudi darasani bila nyumba wala kitabu baadaye alisubiriwa na mtihani ule ule wa yule aliyelala bwenini.

Mwaka huu wa 2026 mambo yamebadilika jina. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC) limeingia Gredi ya 10, na badala ya kuulizana gredi ya wastani tunaulizana kuhusu mikondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Shule nyingine zimeidhinishwa kutoa yote mitatu, nyingine miwili. Bila shaka wazo lenyewe ni zuri. Lakini kuuandika mkondo wa sayansi kwenye fomu si sawa na kuwa na maabara, na maabara bila maji ni chumba chenye meza ndefu. Jina Mai Mahiu lina maana ya maji moto, lakini huko hata maji baridi ya kunywa hutafutwa kwa punda na mitungi.

Kwa hivyo mzazi anayelinganisha shule mwaka huu ningemwomba aache orodha nyumbani, aende mwenyewe siku ya kazi. Aulize walimu wangapi wametumwa na TSC na wangapi wanalipwa na bodi kwa michango. Aulize waliojiunga walikuwa wangapi na waliomaliza ni wangapi, hasa wasichana. Na kabla hajaondoka, aombe kufunguliwa maabara, afungue mfereji.