Je, Wajua? Tarakimu Tano Zinazotaja Jeni

Bili ya kipimo cha vinasaba ikifika mkononi, jicho hukimbilia bei. Tarakimu tano zilizo kando ya bei huachwa hapo, kana kwamba ni mambo ya makarani. Inanisikitisha, maana ndizo zinazosema kilichotafutwa. Nchini Marekani, 81235 ni jeni ya EGFR, inayopimwa kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu ili ijulikane kama vidonge vinavyoilenga vitamfaa. 81275 ni KRAS, ambayo huulizwa sana kwenye uvimbe wa utumbo mpana. 81210 ni BRAF, na wagonjwa wa melanoma wanaijua. 81206 hutafuta BCR-ABL1, alama ya aina mojawapo ya saratani ya damu.

Orodha yenye misimbo hii, CPT, ilianza kuchapishwa na chama cha madaktari cha Marekani, AMA, mwaka 1966. Kutaja jeni, hata hivyo, ni jambo la juzi. Hadi mwisho wa 2012 maabara zilidai malipo kwa hatua za kazi. 83891 ilikuwa kutoa DNA na kuisafisha. 83898 ilikuwa kuzidisha kipande kimoja cha DNA hiyo, na 83904 kusoma mpangilio wa kipande kimoja. 83912 ilikuwa kufasiri majibu na kuandika ripoti. Jeni ikigawanywa vipande kumi, 83898 iliweza kuandikwa mara kumi, na 83904 mara kumi. Misimbo ilirundikwa namna hiyo hadi bili ikatimia, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliotaja jeni. Ni sawa na seremala anayekudai msumeno, misumari, msasa na gundi bila kusema kama ametengeneza kitanda au mlango. Tena, maabara iliyobuni njia fupi ya kupata jibu lile lile ilikuwa na hatua chache za kudai kuliko iliyozunguka. Mfumo wa namna hiyo huadhibu ufanisi.

Januari 1, 2013, misimbo ya hatua ilifutwa. Jeni zinazopimwa mara nyingi zilipata kila moja msimbo wake. Zile za nadra zilikusanywa katika makundi tisa, kuanzia 81400 hadi 81408, kwa kadiri ya ugumu wa kazi. Hapo ndipo ufa ulipobaki. Chini ya 81408, kundi la juu kabisa, zimo jeni ndefu kama NF1 na FBN1, na Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, hulipa takriban dola 2,000 kwa kipimo. Magonjwa mengi yanayohusika hugunduliwa utotoni, lakini bili za wazee zilimiminika. Mwaka 2023, mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya nchi hiyo alieleza kwamba malipo ya dola milioni 888 yaliyotolewa kwa msimbo huo mmoja kati ya 2018 na 2021 yalikuwa katika hatari ya kuwa hayakustahili. Msimbo usiotaja jeni ulirudisha giza lile lile la zamani.

Matapeli hawakuchelewa kuliona. Septemba 2019, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki watu 35 kwa madai ya vipimo vya vinasaba vya saratani yanayozidi dola bilioni 2.1. Wazee walipigiwa simu au kufuatwa kwenye maonyesho ya afya, wakapanguswa shavu kwa kijiti cha pamba, na daktari ambaye hakuwahi kuwatibu akatia saini. Familia zetu zilizoko huko zina wazee pia, na wengi hawajaelezwa haya kwa Kiswahili. Mzee asitoe mate yake wala namba yake ya bima kwa mtu ambaye hakutumwa na daktari wake.

Dawa ya ufa huo ni kutaja zaidi. Katika majimbo kadhaa, Medicare huitaka maabara isajili kila kipimo chake na kukiwekea alama ya pekee. Ipo pia misimbo inayoishia na herufi U: 0037U ni kipimo kimoja cha uvimbe, cha kampuni moja, kinachosoma jeni 324. Nchi zetu, zinapopanga bei za vipimo hivi katika bima ya afya kwa wote, zianzie hapo: jina la jeni kwanza, bei baadaye, na orodha iwe wazi kwa kila mwananchi. Ya Marekani ina hakimiliki ya AMA, na naona si haki mgonjwa adaiwe kwa lugha yenye mwenyewe.

Ipo misimbo mingine ya kuijua: 81361 kwa selimundu, 81247 kwa upungufu wa G6PD, 81528 kwa kupima choo kutafuta saratani ya utumbo, 81445 kwa jeni 5 hadi 50 za uvimbe, 81455 kwa 51 na zaidi. Na misimbo ina kazi nyingine kuliko bili: kulinganisha bei, kukagua, kufanya utafiti, kuzuia kipimo kurudiwa.

Hili la mwisho lisipuuzwe. Jeni uliyozaliwa nayo haibadiliki. Ikishasomwa vizuri, kuilipia tena ni kupoteza fedha. Kabla sampuli haijachukuliwa, uliza: msimbo gani, wa jeni gani? Na majibu yakitoka, tunza ripoti pamoja na bili.